Kinga ya Ndui na Njia Yake Ndefu Hadi Kivu Kusini

Shirika la Afya Duniani lilipotangaza mwaka 1980 kwamba ndui imetokomezwa, mataifa makubwa yalibaki na hofu kwamba virusi vilivyohifadhiwa maabara vingeweza kugeuzwa silaha ya kibiolojia, yaani ugonjwa unaoenezwa makusudi ili kuua watu. Hofu hiyo, iliyozidi baada ya barua zenye kimeta kutumwa nchini Marekani mwaka 2001, ndiyo iliyogharamia utafutaji wa chanjo mpya, kwa sababu ile ya kale ilibeba virusi hai vilivyozaana mwilini na kuweza kuwadhuru watu wenye kinga hafifu, wakiwemo wanaoishi na VVU. Chanjo hiyo mpya, MVA-BN, ilitengenezwa na kampuni ya Bavarian Nordic ya Denmark kutokana na virusi vilivyodhoofishwa nchini Ujerumani kwa kupitishwa zaidi ya mara 500 katika seli za viinitete vya kuku, nayo Marekani ikailimbikiza ghalani.

Wakati huohuo mpox, ugonjwa wa ukoo mmoja na ndui ambao chanjo hiyohiyo huukinga, ulikuwa ukiwaua watoto wa Kongo, ulikotambuliwa kwa binadamu mara ya kwanza mwaka 1970, huko Basankusu. Ni jambo zito kwamba wahudumu wa afya wa mkoa wa Tshuapa nchini humo walijitolea kuipima chanjo hiyo kuanzia mwaka 2017, lakini mpox ilipoenea Ulaya na Marekani mwaka 2022, dozi zilitolewa huko kwa haraka ilhali wananchi wa Kongo hawakupata.

Mwaka 2023 aina mpya ya virusi vya mpox, iitwayo Ib, ilizuka Kamituga, mji wa machimbo ya dhahabu katika Kivu Kusini, ambako ilisambaa hasa kwa kujamiiana, kisha ikafika mji wa Bukavu, na hatimaye ikavuka mipaka hadi Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya. Dharura ya kimataifa ilitangazwa tarehe 14 Agosti 2024, dozi za kwanza zikatua Kinshasa tarehe 5 Septemba, na uchanjaji ukaanzia mji wa Goma mwezi mmoja baadaye. Chanjo hii huhifadhiwa ikiwa imegandishwa, tena hutolewa kwa dozi mbili zinazopishana kwa wiki nne, utaratibu unaohitaji umeme, barabara na utulivu, na utulivu huo Goma na Bukavu zilinyang'anywa mwanzoni mwa 2025, zilipotekwa na waasi wa M23.