Redio, Dishi na Bando: Miaka Hamsini ya Kusomea Mbali Kando ya Thika Road

Aprili 2020 tulikuwa watatu ndani ya keja moja Kimbo, Ruiru, na simu moja tu yenye bando. Somo lilikuwa historia ya Kenya, mada ni kipande, ile kadi ambayo Waafrika walilazimishwa kuvaa shingoni baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ili mlowezi ajue ni nani ametoroka kazi. Kabla ya korona, Mwalimu alikuwa na mtindo wake wa kufundisha mambo kama hayo. Waliokaa upande wa dirisha wanakuwa walowezi, waliokaa upande wa mlango wanakuwa vibarua, na mnabishana mpaka mtu asimame juu ya kiti. Siku ile alisoma slaidi kwa saa mbili. Majina themanini yalipangwa kwenye skrini, kamera zimezimwa, maikrofoni zimezimwa. Alipouliza kama kuna swali, alijibiwa na jogoo wa jirani wa mtu fulani. Baadaye bando liliisha, tukatazamana, hakuna aliyetoa pesa ya kununua lingine.

Nakumbuka nikisema, kwa hasira kidogo, kwamba hii ndiyo bei ya kuwa wa kwanza kujaribu kitu kipya. Nilikosea. Hatukuwa wa kwanza hata kidogo. Watu walikuwa wamefundishwa wakiwa mbali na mwalimu ndani ya kaunti hii hii tangu babu zetu wakiwa vijana, na baadhi yao walifundishwa vizuri kutuliko.

Lakini kwanza tukumbushane jinsi mambo yalivyofungwa. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Siku mbili baadaye Rais Kenyatta akaamuru shule zifungwe, na vyuo vikuu vikapewa hadi mwisho wa wiki hiyo. Tarehe 6 Aprili ikaja amri ya kutoingia wala kutoka eneo la Nairobi na viunga vyake. Mpaka wa eneo hilo kwa upande wetu uliwekwa daraja la Mto Chania, pale Thika. Ruiru ikawa ndani. Murang'a ikawa nje. Darasa letu likakatwa vipande viwili na mto: aliyebaki hosteli alikuwa Ruiru na mtandao wa kuridhisha, na aliyewahi kurudi kwao juu ya Kenol alikuwa akipanda kilima kutafuta network. Wote walikuwa na CAT moja.

Sasa turudi nyuma hadi 1967. Kenya ilikuwa na uhuru wa miaka minne na shule zilikuwa zikichipuka kila kijiji, ila walimu waliosomea kazi hiyo hawakutosha. Wengi waliokuwa wakishika chaki walikuwa wenyewe hawajapita mbali na shule ya msingi. Ukiwatoa waende chuoni, watoto wanabaki bila mtu. Ukiwaacha, watoto wanafundishwa na mtu ambaye amewazidi kwa kurasa chache tu. Basi Koleji ya Nairobi, iliyokuwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, ikafungua kitengo cha masomo kwa posta katika taasisi yake ya elimu ya watu wazima kule Kikuyu. Pesa zilitoka USAID ya Marekani, na wataalamu wakatoka Chuo Kikuu cha Wisconsin.

Wisconsin haikuchaguliwa kwa bahati nasibu. Pale alikuwako Charles Wedemeyer, msomi ambaye tangu 1964 alikuwa akijaribu mradi wa kuunganisha barua, redio, simu na mikutano katika kozi moja, badala ya kumpa mwanafunzi kitabu na kumtakia heri. Waliounda Open University ya Uingereza, iliyopata hati yake 1969, walimsikiliza pia. Kwa hiyo hewani kwetu na kwa Waingereza kulikuwa na wazo moja karibu wakati mmoja, na mwalimu wa kijijini Kenya hakuwa nyuma ya mtu.

Mpango wa Kikuyu ulikuwa na vitu vitatu. Vijitabu vya masomo vilifika kwa posta, vikiwa na maswali ya kujibu na kurudisha ili mtu ayasahihishe. Vipindi vilisikika kwenye redio ya Sauti ya Kenya. Halafu, shule zikifunga, wanafunzi walikutana na walimu wao uso kwa uso kwa muda mfupi. Leo tungeuita mseto na kuufanyia semina hotelini.

Kinachonivutia ni mgawanyo wa kazi. Redio haisikilizi, inasema tu, kwa hiyo huwezi kuipa kazi ya mjadala. Karatasi haina haraka, unaweza kurudia sentensi moja mara kumi kwa mwanga wa koroboi, kwa hiyo ndiyo inafaa yale magumu. Na siku chache za kukutana ni ghali, watu wamesafiri, wameacha shamba na watoto, huwezi kuzitumia kuwasomea kitu ambacho tayari kimo kwenye kijitabu. Kila njia ikapewa kazi inayoiweza. Na kila wiki mwanafunzi alikuwa na kitu cha kufanya kwa mkono wake, kitu ambacho kingesomwa na binadamu mwingine na kurudishwa kikiwa na wino mwekundu.

Miaka thelathini baadaye, tukasahau.

Ukitoka Ruiru kuelekea mjini unapita Chuo Kikuu cha Kenyatta pale Kahawa. Kabla ya kuwa chuo palikuwa kambi ya jeshi la Uingereza, iliyokabidhiwa serikali ya Kenya mwaka 1965. Ikawa koleji, na mwaka 1985 ikawa chuo kikuu kamili. Mwaka 1997 Benki ya Dunia ilipoanza majaribio ya African Virtual University, Kenyatta ilikuwa miongoni mwa vyuo vilivyoshiriki. Mambo yalikuwa ya kisasa kweli. Mhadhara ulitoka vyuo vya ng'ambo kwa setilaiti, ukashuka kwenye dishi, ukaonekana kwenye runinga mbele ya wanafunzi. Mwenye swali alipiga simu.

Hebu fikiria kupiga simu ya kimataifa mwaka 1997 ukiwa na swali la hesabu, mbele ya darasa zima, kumuuliza mtu ambaye hajui jina lako. Picha iliweza kuvuka bahari. Swali ndilo lililokuwa na shida ya nauli. Baadaye taasisi hiyo ilihamisha makao yake kutoka Washington hadi Nairobi, mwaka 2002, na kuachana na mtindo wa kutazama kwa kuelekea kozi za mtandaoni zilizoandikwa na Waafrika wenyewe. Lakini ule mtindo wa awali haukufa. Ulilala tu. Ulipoamka mwaka 2020 ulikuwa unaitwa Zoom.

Ninasema hivi kwa sababu kile tulichofanyiwa Aprili ile hakikuwa redio ya Kikuyu, kilikuwa dishi la Kahawa: mtu anasema kule mbali, wengi wanatazama huku. Tofauti ni kwamba dishi lililipiwa na Benki ya Dunia na bando lililipiwa na mama yangu. Hata suluhisho zilizopigiwa debe zilikuwa za aina hiyo hiyo. Julai 2020 kampuni ya Loon, pamoja na Telkom, ilirusha maputo makubwa angani yakileta intaneti katika maeneo ya magharibi na kati ya Kenya. Tuliyaongea sana, kuna watu walidai wameyaona. Januari 2021 wenye Loon walitangaza kwamba wanaifunga.

Mwalimu wetu alibadilika mapema kuliko maputo. Mwezi wa Mei alituandikia ujumbe mfupi kwenye WhatsApp: vijana wangu, nimegundua ninaongea na ukuta. Hakukuwa tena na mhadhara wa saa mbili. Alipiga picha kurasa nne za noti zake, akazituma, kitu ambacho hata bando la shilingi kumi linafungua. Akaunda magrupu mawili, Dirishani na Mlangoni. Kila mmoja alikuwa na siku tatu za kutuma sauti isiyozidi dakika moja: wewe ni mlowezi, au wewe ni kibarua, tetea upande wako. Aliyekuwa juu ya Kenol alirekodi mchana na kutuma usiku akipata network. Msichana mmoja ambaye hajawahi kufungua mdomo darasani alituma sauti ya sekunde hamsini akiwa kibarua anayeeleza uzito wa kile kikopo shingoni, kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kikuyu cha nyanya yake, na grupu zima likanyamaza kwa saa kadhaa. Ijumaa tulikutana kwa nusu saa tu, live, kugombana.

Si kila mtu alinusurika. Wawili hawakurudi, mmoja alikuwa akitumia simu ya mulika mwizi na hakuna grupu lililomfikia. Kikuyu ya 1967 ingemfikia, kwa posta. Hilo linanikera mpaka leo.

Chuo kilipofunguliwa kwa awamu, kwanza wakaruhusiwa wachache, viti vikiwa mbali mbali, wengine wakibaki mtandaoni. Hapo ndipo niliona ugumu kuliko wakati wowote. Tukiwa sote nyumbani tulikuwa sawa. Nusu wakiwa darasani, walio kwenye skrini wanageuka wageni: hawasikii mzaha, hawaoni ubao, na mwalimu anawakumbuka zikibaki dakika tano. Mwalimu alijaribu mara kadhaa na kushindwa. Mwishowe aliweka sheria mbili. Simu inakaa katikati ya dawati la mbele, si kwenye meza yake. Na swali likiulizwa, aliye mbali anajibu kwanza. Aliye darasani haruhusiwi kufungua mdomo mpaka simu iseme.

Wiki ya kwanza ilikuwa kimya cha aibu. Tulikaa tukiangalia simu kama watu wanaongoja chai ichemke. Halafu ikatoa sauti yenye mikwaruzo, upepo mwingi nyuma yake, na mtu wa Murang'a akasema: mimi ni Mlangoni, na sikubaliani na huyo bwana wa dirishani.