Mifuko ya ETF: mkaaji wa Uvira achague namna gani kati ya mapato, kukua na usalama?

Pale Rugenge, kama vile Mulongwe na Kavimvira, simu zinaingia jioni kutoka Marekani, Canada na Australia. Ndugu waliohamia huko wanasalimia, wanauliza habari ya wazee, na siku hizi wengine wanaongeza neno jipya: ETF. Wanasema sehemu ya mshahara wao inawekwa humo kila mwezi. Hapa nyumbani neno hilo linafika limechanganyika na matangazo ya WhatsApp yanayoahidi kuzidisha pesa kwa wiki chache. Vitu hivyo viwili havifanani hata kidogo, na anayevichanganya anaweza kupoteza akiba ya miaka.

ETF ni nini

Ni mfuko unaonunua hisa au hatifungani nyingi kwa pamoja, halafu wenyewe unagawanywa vipande vidogo vinavyouzwa kwenye soko la hisa. Hisa ni sehemu ya umiliki wa kampuni. Hatifungani ni deni: serikali au kampuni inakopa, inalipa riba, na mwishoni inarudisha mtaji. Mfuko wa kwanza wa aina hii kule Marekani ulianza kuuzwa Januari 1993, na unafuata kampuni 500 kubwa za nchi ile. Mwenye kipande kimoja ana sehemu ndogo katika zote.

Mama anayeuza ndagala peke yake anajua taabu ya siku za mbalamwezi, wakati taa za wavuvi hazivuti samaki. Yule anayeuza ndagala, unga wa muhogo na mawese anazipitisha siku hizo. Mfuko wenye vitu vingi unafanya kazi hivyo: kampuni moja ikianguka, mtaji hauangukii hapo wote. Lakini soko zima likishuka, mfuko nao unashuka.

Kila pesa na kazi yake

Wanachama wa MUSO wanajua masanduku matatu: la kijani kwa akiba na mikopo, jekundu kwa ugonjwa na msiba, bluu kwa pesa inayotoka nje. Pesa ya sanduku jekundu haikopeshwi kwa biashara. Kuchagua mfuko kunaanza na swali hilohilo: pesa hii ni ya kazi gani, na itahitajika lini?

Mapato. Kuna mifuko ya hatifungani, na mingine ya kampuni zinazogawa faida mara kwa mara. Inamfaa mstaafu, au mtu anayetaka kupata kitu kidogo bila kugusa mtaji. Tupige hesabu: mfuko ukilipa 4 kwa mia kwa mwaka, dola 1,000 zinaleta dola 40, yaani dola 3 na kidogo kwa mwezi. Mfuko unaotaja kiwango cha juu sana uangaliwe mara mbili: pengine bei yake imeporomoka, ndiyo maana malipo yanaonekana makubwa.

Kukua. Hapa ni mifuko ya hisa, na faida inarudishwa ndani ili izae tena. Pesa ikikua 7 kwa mia kila mwaka, dola 1,000 zinakaribia 2,000 baada ya miaka 10. Lakini hakuna anayeahidi hiyo 7. Mwaka 2008 peke yake, kampuni 500 kubwa za Marekani zilipoteza karibu 37 kwa mia ya thamani yao, na waliokuwa wamenunua kwenye kilele cha 2007 walingoja zaidi ya miaka minne kurudi walipokuwa. Pesa ya shule ya Septemba haina nafasi hapa.

Usalama zaidi. Mifuko ya hatifungani za serikali za muda mfupi haiyumbi sana, na faida yake ni ndogo. Hatifungani za muda mrefu ni jambo lingine: mwaka 2022, riba zilipopanda, mifuko mikubwa ya hatifungani za Marekani ilishuka karibu 13 kwa mia. Na dhahabu je? Kwenye soko la Nairobi kuna mfuko wa NewGold tangu 2017, unaofuata bei ya dhahabu. Bei inapanda na kushuka, na dhahabu hailipi riba yoyote wakati unaingoja.

Karibu na Uvira kuna nini

Kongo haina soko la hisa. Majirani wanayo: Nairobi tangu 1954, Dar es Salaam na Kampala tangu 1998, Kigali tangu 2011. Tanzania kuna pia mifuko ya UTT, ambayo si ETF kwa sababu inanunuliwa kwa mwendeshaji mwenyewe, lakini majina yake yanaonyesha njia zilezile tatu: Umoja (2005) unachanganya hisa na hatifungani ili mtaji ukue, Jikimu (2008) unagawa mapato, na Ukwasi (2013) ni wa pesa inayoweza kuhitajika haraka.

Kongo nayo, tangu 2019, serikali inauza tena hatifungani zake kupitia mabenki. Hapo swali la kwanza ni aina ya pesa. Mwaka 2012 dola moja ilikuwa karibu franga 920. Mwaka 2024 ilipita 2,800. Riba nzuri ya franga inaweza kuliwa yote na mabadiliko hayo.

Wengine wanamtumia ndugu aliye ng'ambo awanunulie. Inawezekana, lakini mbele ya sheria mali ni ya mwenye akaunti. Akifa, akiachana na mkewe au akidaiwa, pesa inaweza kwenda na yake. Kiasi, tarehe na jina la mfuko viandikwe kwenye karatasi, na mtu wa tatu katika familia ajue.

Kabla ya kutoa hata dola moja

Madeni yenye riba kubwa yalipwe kwanza. Halafu akiba ya miezi mitatu ibaki karibu, na isiwe mahali pamoja. Mwanzoni mwa 2025 mabenki yalifunga milango Goma, kisha Bukavu, na wenye akaunti walibaki na hesabu bila pesa mkononi.

Anayeuza mfuko aulizwe: jina lake kamili ni lipi, uko kwenye soko gani, ndani kuna nini, na gharama kwa mwaka ni ngapi? Mifuko mikubwa ya Marekani inakata chini ya 0.1 kwa mia, yaani chini ya dola moja kwa kila dola 1,000. Mtu anayeahidi 30 kwa mia kila mwezi, anayelipa waliotangulia kwa pesa ya wanaoingia, au anayetaka ulete watu wengine, hauzi ETF. Wazee wa Kinshasa wanaikumbuka Bindo Promotion ya 1991: wa kwanza walilipwa kweli, na ndiyo sababu wengi zaidi walipeleka zao, mpaka siku malipo yaliposimama.