Ukadirifu, Wala Si Udhibiti wa Kasi

Nimeliona tena, safari hii katika orodha ya istilahi za michezo iliyosambazwa kwa wahariri: "udhibiti wa kasi". Eti hilo ndilo jina la Kiswahili la ule ustadi wa mwendesha baiskeli wa kujua atoe nguvu kiasi gani, aitoe wapi, na abakishe kiasi gani kwa safari iliyo mbele. Wanaofuatilia mbio ndefu wanaujua ustadi wenyewe, sina haja ya kuwafundisha. Nataka kuonyesha kwamba jina ulilopewa halifai hata kwa neno moja kati ya yale mawili makuu, na kwamba Kiswahili kina "ukadirifu", neno ninalolitetea tangu orodha ya kwanza ilipotoka.

Nianze na kasi. Mbio za Unbound hufanyika Emporia, jimbo la Kansas, Marekani, tangu mwaka 2006. Masafa yake makuu ni kilomita zipatazo 320 katika vilima vya Flint Hills, na jina hilo limetokana na mawe ya gumegume, makali kiasi cha kupasua matairi. Njia ni changarawe, udongo na vipande vya lami. Mahali palipokauka na kushindiliwa, kundi la mbele hupita kwa zaidi ya kilomita 35 kwa saa. Mwaka 2023 mvua iligeuza kipande cha mwanzo kuwa tope la kunata. Washindani, mabingwa wakiwamo, walishuka wakabeba baiskeli begani. Naiuliza kamati iliyotunga orodha hiyo: mtu aliyebeba baiskeli begani anadhibiti kasi ipi? Nguvu anaitoa, tena nyingi, na bado anapaswa kuitolea hesabu kwa sababu saa nyingi zinamngoja. Kasi yake ni ya mtembea kwa miguu.

Tena wako waendeshaji wawili katika kundi moja, mmoja mbele akikata upepo, mwingine nyuma yake akijikinga. Kasi yao ni moja, lakini yule wa nyuma anatumia nguvu pungufu mno. Kilomita mia mbili baadaye mmoja ana miguu na mwingine hana. Kama kasi ndiyo iliyokuwa ikidhibitiwa, wawili hao wangekuwa sawa. Kasi ni matokeo ya nguvu, ardhi, mwinuko na upepo. Mwenye kung'ang'ania kasi ileile mlimani na bondeni huishiwa mapema, na kila kocha anayejua kazi yake humkataza.

"Udhibiti" nao una kasoro yake. Limetokana na Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kukamata na kushika imara; kwa Waarabu, ofisa wa jeshi au wa polisi ni dhabiti. Sisi tunadhibiti magendo, tunadhibiti maradhi ya mlipuko. Ni neno la mwenye mamlaka juu ya kitu kinachotaka kumponyoka. Mwendesha baiskeli hapambani na nguvu zake kama askari na mhalifu. Anazitumia, na anataka ziishe, ila ziishie kwenye mstari.

Sasa tuufungue mzizi wa qaf, dal na re, ambao wasemaji wa lugha hii wameuishi kwa karne nyingi. Humo mna kudura, yaani uwezo. Mna kadari, lililokwisha kupimwa na Mungu. Mna makadara, neno lililobaki hata katika majina ya mitaa, Nairobi na Mombasa. Jina Abdulkadir ni mja wa Mwenye Uweza. Na humohumo mna kadiri, kwa maana ya kipimo na kiasi, na kukadiria, na makadirio. Angalieni utajiri huo: nguvu na kipimo cha nguvu vimetoka tumbo moja! Sijui mzizi mwingine katika Kiswahili unaobeba mambo hayo mawili pamoja, nayo ndiyo mambo mawili hasa ambayo dhana yetu inayadai. Kutoka hapo wazee walikuwa na kivumishi kadirifu, mtu wa kiasi, asiyepita mpaka katika kula wala katika kusema. Nomino yake ni ukadirifu. Mimi sikulibuni neno hili. Nimeliazima kutoka kwenye adabu na kulipeleka kwenye mbio, na lilipofika halikuhitaji kurekebishwa hata herufi.

Wapo waliopendekeza "mgawanyo wa nguvu". Ni afadhali, maana angalau wameona kwamba suala ni nguvu. Lakini kugawanya ni hesabu inayokamilika kabla ya safari, kila fungu na mahali pake. Changarawe haikubali. Tairi likipasuka, au kundi likivunjika kwenye mto, hesabu hiyo huanza upya. Na "mgao" wenyewe, kwa msomaji wa Tanzania, umekwisha kuchukuliwa na umeme.

Hoja iliyotolewa dhidi yangu, katika kikao ambacho sikualikwa, ni kwamba kukadiria ni kubahatisha, na mwanamichezo wa leo ana mita ya kupima wati kwenye kanyagio. Hoja hii imenisikitisha, kwa kuwa walioitoa ni watu waliosoma. Kila mwaka Bunge hupitisha makadirio ya mapato na matumizi. Hakuna anayesema Waziri wa Fedha anabahatisha. Mita inamwambia mwendeshaji anatoa wati ngapi sasa hivi. Haimwambii kilima cha kilomita ya 250 kitamkuta na hali gani, wala mshindani aliye kando yake amebakiwa na nini. Hayo anayakadiria kwa kila pumzi, na anayekadiria vizuri ndiye tunayemwita mkadirifu. Barua yangu yenye maelezo haya haikujibiwa. Orodha ikachapishwa na "udhibiti wa kasi" ndani yake.

Kuhusu matumizi, ni mepesi: "amekosa ukadirifu kwenye vilima vya mwanzo", "ukadirifu wake ulikuwa mzuri, ila alichelewa kula".

Haraka yangu ina sababu. Tangu mwaka 2021 mbio za Migration Gravel Race zinapita katika nchi ya Wamasai, Kenya, kwa siku nne na kilomita zipatazo 650, na vijana wa Kenya, Uganda na Rwanda wa timu ya Amani wanashindana na wageni waliobobea. Marehemu Suleiman Kangangi, Mkenya aliyemaliza wa tatu katika Tour du Rwanda ya mwaka 2017, aliwafungulia wengi njia hiyo. Vijana hao wanafundishwa sasa, na neno watakalolisikia kwa kocha ndilo watakalolifikiria wakiwa peke yao porini. Kijana aliyeambiwa adhibiti kasi ataitazama saa yake ya kasi mlimani, naye atajimaliza.

Kwa hiyo nawaomba watangazaji, wahariri wa michezo na makocha: andikeni ukadirifu, semeni ukadirifu, tangu mbio zijazo. Msiisubiri kamati.