Video Kavu na Video ya Msasa

Mafuta yatakayosafirishwa kwa bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, huitwa mafuta ghafi. Bomba hilo linakatiza mkoa wa Dodoma upande wa Chemba na Kondoa, kwa hiyo neno hili si geni kwa watu wa uwanda wa kati. Ghafi ni kitu kinachosubiri kazi. Mafuta ghafi yanasubiri mtambo wa kuyasafisha, takwimu ghafi zinasubiri mchambuzi, mapato ghafi yanasubiri makato.

Ndilo neno la kwanza linalomjia Mswahili anapotakiwa kutafsiri raw, jina la mtindo mmojawapo wa video za baiskeli za milimani. Mtindo wa pili huitwa polished. Nitaanza na huo wa kwanza, kwa sababu ndio unaosumbua, na kwa sababu naona tafsiri ya video ghafi inawaonea watu wanaoufanyia kazi.

Video ya raw haina muziki wala mwendo uliopunguzwa kasi. Humsikii msimulizi akikueleza ushujaa wa mpanda baiskeli. Unasikia tairi likisaga changarawe, mnyororo ukigonga fremu, breki zikilia, mtu akihema. Kisha inakwisha, mara nyingi kabla ya dakika mbili. Mkanada Brandon Semenuk, aliyeshinda mashindano ya Red Bull Rampage zaidi ya mara moja, ana mfululizo wa video unaoitwa Raw 100: sekunde 100, bila muziki, bila kupunguza mwendo. Kila pigo la kamera limechaguliwa, limekatwa mahali pake na kuunganishwa na jingine kwa mkono wa mhariri anayejua kazi. Maikrofoni huvishwa manyoya ya kuzuia upepo na huwekwa pale tairi litakapotua. Hakuna kinachosubiri kusafishwa hapo. Kazi imekwisha.

Kwa mhariri, picha ghafi ni zile zilizotoka kwenye kamera bila kuguswa: saa nzima za majaribio, za mtu kuanguka na kupanda tena, za mpigapicha aliyesahau kuzima. Tukiiita video iliyokamilika kwa jina hilohilo, tutakuwa tumempokonya mhariri neno lake la kazi, na tutakuwa tumemwambia mtazamaji kwamba mtengenezaji hakumaliza. Mbichi nalo halifai. Embe bichi litaiva kesho. Video hii haitaiva zaidi ya hapa.

Ninachopendekeza ni kavu. Mtu aliyekula wali mkavu amekula wali uliopikwa ukaiva; kilichokosekana ni mchuzi. Maana hiyo ya kavu, yaani kitu kamili kisicho na kiandamano, ndiyo hasa ya mtindo huu. Picha imepikwa, ila haikumwagiwa muziki. Tena -kavu ni kivumishi kinachokubali viambishi kama vivumishi vyetu vingine, kwa hiyo istilahi inazaa bila taabu: mtindo mkavu, video kavu, sauti kavu, mikato mikavu. Ghafi limeganda, halichukui kiambishi. Najua wapo watakaosema kwamba kavu lina harufu ya ukali, kama katika macho makavu ya mtu asiye na haya. Sioni hasara. Mtindo wenyewe una ukavu wa namna hiyo. Haumwonei haya mpanda baiskeli anayehema vibaya au kuteleza.

Kwa polished hatuna haja ya kutafuta mbali. Kwa Kiswahili mambo hupigwa msasa. Msasa ni mti wa jamii ya mkuyu wenye majani ya kukwaruza, ambayo maseremala waliyatumia kulainisha mbao kabla ya karatasi za dukani, na magazeti yetu kila siku yanaandika kwamba walimu au waamuzi wa mpira wamepigwa msasa. Basi video ya msasa ni ile iliyolainishwa: rangi zimerekebishwa, mwendo umepunguzwa, muziki umepangwa upande na kushuka pamoja na mpanda baiskeli.

Msasa una heshima yake. Semenuk huyohuyo yumo katika filamu ya unReal ya mwaka 2015, iliyotengenezwa na Anthill Films pamoja na Teton Gravity Research. Sehemu yake ni pigo moja refu lisilokatwa hata mara moja, lililopigwa na kamera iliyofungwa juu ya gari likienda sambamba na njia yake huko California. Mtu anaweza kudhani kwamba kutokata ndiko ukavu wenyewe, lakini si kweli. Njia ilichongwa kwa ajili ya kamera, gari likapangiwa mwendo wake, na kamera ikashikiliwa na mtambo unaomeza kila mtikisiko. Ni msasa wa hali ya juu, na ni kazi nzuri mno. Kwa hiyo idadi ya mikato haiwezi kuwa kipimo cha istilahi hizi.

Kipimo ninachokiamini ni sauti. Picha ikipigwa kwa kasi ya picha 120 kwa sekunde kisha ikaonyeshwa kwa 24, mwendo unapungua mara tano, na sauti ya tairi haiwezi kuufuata bila kugeuka mngurumo. Droni nayo, kwa kelele za mapanga yake, haiwezi kukuletea sauti ya baiskeli iliyo chini. Ukiona pigo la juu kabisa na ukasikia changarawe kwa uwazi, jua sauti hiyo imetoka mahali pengine au imetengenezwa studio. Hilo si kosa, ila si kavu.

Kamera ndogo za kifuani na kwenye helmeti zinahitaji uangalifu zaidi. Lenzi yake pana hulaza mteremko, na mwamba uliomtisha mtu unaonekana kama ngazi ya nyumbani. Tangu mwaka 2018, GoPro ilipotoa HERO7 Black, kamera zenyewe hufuta mtikisiko kabla mhariri hajagusa chochote. Kijana anaamini amepiga video kavu kwa sababu hakuweka wimbo, kumbe msasa umeshapita ndani ya kamera. Mimi bado ningeiita kavu, mradi sauti ni ya pale pale, lakini ningemshauri akizime kile kitulizi cha mtikisiko akiwa kwenye mawe.

Uwanda wa kati una haki ya kuujali mtindo mkavu kuliko sehemu nyingine za nchi. Kilimanjaro, ambako binamu wawili wa ukoo wa Crane kutoka Uingereza walipanda na baiskeli katikati ya miaka ya 1980, na ambako waendesha baiskeli mashuhuri Hans Rey na Danny MacAskill walikuja kufika na baiskeli zao, ni mlima unaojieleza wenyewe kwa picha. Mita 5,895 na barafu kileleni zinatosha. Dodoma haina mlima wa namna hiyo. Ina vilima vya matale kama Mlimwa, vinavyochomoza ghafla kutoka kwenye tambarare, na ukivipiga kwa droni kutoka juu vinalala chini kabisa. Ina makorongo ya Kondoa, yaliyokula ardhi kiasi kwamba serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma mwaka 1973, na mifugo ikaondolewa mwaka 1979. Ina mito ya mchanga inayopitisha maji wakati wa masika tu.

Urefu wa ardhi hiyo hauonekani vizuri, ila unasikika. Tairi likiingia kwenye mchanga wa korongo linanyamaza karibu kabisa, na unabaki na mnyororo na pumzi. Likipanda juu ya jiwe la matale sauti inarudi ghafla, kali na karibu. Upepo wa miezi ya kiangazi unavuma kwenye spoku, na ukibahatika utasikia hata ule mluzi mwembamba wa mbigiri iliyotoboa tairi, ambao kila mwendesha baiskeli wa huku anaujua. Wimbo ukiwekwa juu ya hayo yote, mtazamaji hatajua tena kama yuko Kondoa au mahali pengine duniani.

Rangi nazo zina sehemu yake katika kosa hili la kufuta utambulisho wa mahali. Programu nyingi za kuhariri zina mpangilio tayari unaosukuma ardhi iwe ya machungwa na anga iwe ya samawati nzito, kama zile picha za Utah, Marekani, yanakofanyika mashindano ya Rampage. Udongo mwekundu wa Irangi huko Kondoa ukipitishwa humo unakuwa wa Utah. Vumbi jeupe la Dodoma, linalofifisha anga mwezi wa Septemba, linafutwa kama uchafu, ilhali ndiyo hewa ya mahali.

Uwanda huu ulikwisha kuuona mjadala huu katika muziki. Hukwe Zawose, mwanamuziki Mgogo aliyefariki mwaka 2003, alitoa albamu ya Chibite kwa lebo ya Real World mwaka 1996, sauti na ala za Kigogo zikiwa mbele bila pambo, kisha mwaka 2002 akatoa Assembly pamoja na mwanamuziki Michael Brook, na humo kukawa na magitaa na mitambo. Hakuna aliyesema Chibite ni ghafi.

Naomba basi wanaotunga istilahi, BAKITA na vyuo, wasiliandikishe ghafi kwa mtindo huu, wawaachie wahariri. Nanyi mnaopiga video za baiskeli Dodoma, Singida na Kondoa, wekeni neno kavu kwenye maelezo pale tu ambapo kila sauti inayosikika ilitoka kwenye njia ile, siku ile. Mkiongeza hata sauti moja ya studio, andikeni msasa.