Samaki wa Mwalimu na Jirani Yake Pundamilia: Kisa cha Wawili Ndani ya Kioo Kimoja

Ukiingia saluni pale Mwananyamala, au sebuleni kwa mtu Mbagala, jicho huwa linakimbilia kule penye mwanga: tangi la kioo, mapovu yanapanda, samaki wanazunguka. Mara nyingi ndani mna samaki wa dhahabu wawili watatu, gupi kadhaa, na sato mchanga ambaye mwenye nyumba alipewa na jamaa mwenye bwawa. Muulize kwa nini kawachanganya, atakujibu bila kufikiri, "Si wote wa maji baridi?"

Hapo ndipo Kiswahili chetu kinapotuchezea. "Maji baridi" maana yake ni maji yasiyo na chumvi, basi. Samaki wa dhahabu, aliyefugwa China tangu zaidi ya miaka 1000 iliyopita, yeye anapenda maji baridi ya kweli, yenye ubaridi. Joto la Dar la Januari linamchosha. Sato ndiyo kwanza anachangamka, anakua haraka, na akishapata mwili gupi wanaanza kupungua mmoja mmoja usiku. Asubuhi lawama anabebeshwa paka.

Mambo haya hayakuanza leo. Mwaka 1850 mkemia mmoja wa London, Robert Warington, aliwaweka samaki wawili wa dhahabu kwenye chombo cha kioo pamoja na majani ya majini. Majani yakaanza kuoza, maji yakachafuka. Akaongeza konokono, konokono wakala ule uozo, na maji yakatulia. Miaka mitatu baadaye bustani ya wanyama ya London ikafungua jumba la kuonyesha samaki hai, na Wazungu wakashikwa na homa ya matangi. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza suala halikuwa kumpata samaki mzuri. Suala lilikuwa nani anakaa na nani.

Sasa kisa chenyewe ni cha kwetu, Mwanza.

Mwaka 1977 watafiti kutoka Leiden, Uholanzi, walianza kazi kwenye Ghuba ya Mwanza kuwachunguza furu, wale samaki wadogo ambao mtu wa Kanda ya Ziwa anawajua kwa kukaanga kuliko kwa kutazama. Ziwa Victoria lilikuwa na aina za furu zaidi ya 500. Kila aina na kazi yake: huyu anakwangua mwani kwenye mawe, yule anavunja konokono, mwingine anakula magamba ya wenzake. Mwaka 1985, mwaka uleule Mwalimu aliong'atuka urais, wawili kati ya watafiti hao waliandika rasmi habari za furu mmoja wa kwenye miamba, dume lake lina mgongo mwekundu kama kaa la moto na ubavu wa njano wenye michirizi myeusi. Wakampa jina la Mwalimu Nyerere: nyererei. Ndiyo, samaki. Leo anafugwa kwenye matangi ya Ulaya na Marekani, na wafugaji wa huko wanalitaja jina la Mwalimu kila wakiagiza.

Jirani yake kwenye miamba hiyohiyo ni furu mwingine, dume lake la buluu iliyokolea weusi, limepigwa mistari ya kusimama. Huyo sayansi ilimwita kwa Kiswahili kitupu: *Pundamilia pundamilia*. Jina hilohilo la punda milia likawa la ukoo mzima, kwa hiyo kwenye vitabu samaki wa Mwalimu anaandikwa *Pundamilia nyererei*. Sijui kama kuna samaki wengine wawili duniani wenye majina ya Kitanzania kiasi hicho.

Wanafanana mno. Ukubwa mmoja, umbo moja, na majike wote wana rangi ya kufifia kiasi kwamba hata mzoefu anaweza kukosea. Wote hutamia mayai mdomoni. Na wakizaliana wao kwa wao, watoto wanaishi na wanazaa vizuri tu. Sasa kinachowatenga ni nini?

Ni macho ya jike. Miaka ya 1990 mtafiti Ole Seehausen na mwenzake waliwaweka kwenye matangi kule Leiden. Chini ya taa ya kawaida, jike wa nyererei alimfuata dume mwekundu, jike wa pundamilia akamfuata wa buluu. Wakabadilisha taa, wakaweka ya rangi ya chungwa tupu ambayo ilifuta tofauti ya rangi za madume. Majike wakachanganyikiwa. Kila mmoja akawa anapokea yeyote. Yaani ukuta kati ya aina mbili za samaki ulikuwa ni mwanga tu.

Na hicho hakikuwa kituko cha tangini. Kwenye visiwa vyenye maji maangavu, kama Makobe, wekundu na wa buluu wanaishi pamoja bila kuchanganyika, wa buluu kwenye kina kifupi, wekundu wakishuka chini zaidi. Ukija ndani ya ghuba ambako maji ni ya tope na mwani, unakuta wa rangi za katikati, si wekundu si wa buluu. Udongo wa mashamba, mbolea na maji machafu ya mjini vimelifanya ziwa liwe kama lile tangi lenye taa ya chungwa. Aina mbili zinayeyuka kuwa moja bila mtu kuvua hata mmoja.

Wengi tukisikia furu wamekwisha tunamtaja sangara peke yake, na kweli hana pa kujitetea. Aliingizwa ziwani kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, upande wa Uganda na Kenya, ili furu "wasio na faida" wageuzwe minofu. Hilo ndilo tangi kubwa kuliko yote kuwahi kuchanganywa: samaki anayeweza kupita kilo 100 akawekwa na samaki wa urefu wa kiganja. Kwa miaka mingi hakuonekana kama tatizo. Miaka ya 1980 akalipuka, na wanasayansi wanakadiria aina 200 hivi za furu zikapotea. Sato naye ni mgeni wa kipindi hichohicho, na ngege, perege mwenyeji wa ziwa, karibu atoweke. Tukila sato wa Mwanza tunajisikia tumekula asili, kumbe!

Furu wa miambani walipona zaidi kwa kuwa mawe yaliwaficha. Ndiyo maana nyererei na pundamilia bado wapo.

Basi kwa mwenye tangi pale Tandika au Kijitonyama anayetaka kuweka aina mbili: samaki wa dhahabu akae na wenzake, sato arudi bwawani. Gupi na moli wanaelewana, ila moli anafurahia maji yenye madini zaidi. Maji ya bomba yalaze kwenye ndoo wazi walau siku nzima klorini itoke. Ukibahatika kupata furu wa rangi, weka mawe mengi ya kujificha na majike wengi kwa dume mmoja, maana madume wawili kwenye kioo kidogo ni vita mpaka mmoja afe. Na nyererei usimweke tangi moja na pundamilia, hata kama wanapendeza wakiwa pamoja. Zile taa za rangi moja zinazowashwa kwenye matangi ya baa ndizo mbaya zaidi kwao: miezi michache tu utaanza kuona vifaranga ambao hakuna mtu, wa Mwanza wala wa Leiden, atakayeweza kukwambia ni wa nani.