Saa za Kazi za Daktari wa Mifugo: Kenya Tangu Maabara ya Kabete hadi Enzi ya Simu ya Mkononi

Historia ya tiba ya mifugo nchini Kenya imeandikwa zaidi kama historia ya magonjwa na chanjo, na ni machache yaliyosemwa kuhusu siku ya kazi ya watu waliozifikisha chanjo hizo zizini: walianza kazi saa ngapi, walilala wapi, nani aliwapokea zamu walipochoka, na familia zao ziliishi vipi na kazi isiyojua Jumapili. Ni desturi kueleza ugumu wa kazi hii kwa kusema kwamba mnyama haugui kwa ratiba, na maelezo hayo ni ya kweli kwa kiasi chake, lakini hayatoshi, kwa sababu ng'ombe wa mwaka 1970 alizaa usiku sawa na ng'ombe wa mwaka 2000, ilhali maisha ya aliyeitwa kumzalisha yalikuwa yamebadilika kabisa. Mpaka kati ya kazi na mapumziko uliwekwa na mwajiri, na ulipoondolewa mwishoni mwa karne ya 20, uliondolewa na uamuzi wa fedha.

Kabla ya utawala wa kikoloni hapakuwa na mpaka wa namna hiyo, kwa kuwa tiba ya mifugo haikuwa ajira. Miongoni mwa Wamaasai, Wasamburu, Wapokot na wafugaji wengine, aliyejua kutoa damu kwa mshale mfupi, kuunga mfupa uliovunjika au kumgeuza ndama tumboni alikuwa mfugaji kama wenzake, aliyekuwa akilala katika boma lilelile walimolala wanyama. Maarifa hayo yalikuwa mengi, lakini hayakuweza kuzuia sotoka, ugonjwa wa virusi ulioingia Afrika Mashariki karibu na mwaka 1890 na kuangamiza sehemu kubwa kabisa ya ng'ombe pamoja na nyati wa porini. Idara ya mifugo ya serikali ya kikoloni ilijengwa juu ya hofu ya msiba huo kurudi, na hasa juu ya hofu ya walowezi kwamba ng'ombe wao wa kigeni wangeambukizwa na mifugo ya Waafrika.

Maabara ya Kabete, iliyoanzishwa mwaka 1910 nje kidogo ya Nairobi, ndiyo iliyokuwa kituo kikuu cha kazi hiyo, na utamaduni wake wa kazi ulifuata rangi ya ngozi. Daktari mwenye shahada alikuwa Mzungu aliyesomea Uingereza au Afrika Kusini, mwenye nyumba, mshahara na likizo ndefu ya kwenda kwao, huku Waafrika wakiwa wachungaji wa ng'ombe wa majaribio, wafagiaji, wasaidizi wa kuchanja na askari wa karantini, yaani walinzi waliozuia mifugo kuvuka mpaka wa eneo lililotangazwa kuwa na ugonjwa. Hata baadaye, Chuo cha Makerere kilipoanza kuwafunza Waafrika fani hii kwa kiwango cha diploma, wahitimu waliajiriwa katika ngazi ya wasaidizi, chini ya wenzao wa Kizungu. Msaidizi wa Kiafrika alikuwa na mzigo mwingine usioandikwa katika mkataba wake, kwa maana alirudi jioni kwa majirani ambao mchana alikuwa amewazuia kupeleka ng'ombe wao sokoni. Mwaka 1938, serikali ilipowalazimisha Wakamba wa Machakos kupunguza mifugo na ng'ombe wao wakauzwa kwa bei ya chini, Muindi Mbingu aliwaongoza maelfu ya watu kwenda Nairobi kupinga, na baadaye akahamishiwa Lamu kwa nguvu. Kwa mfanyakazi wa idara aliyezaliwa katika jamii kama hiyo, kuvua sare jioni hakukutosha kumtoa kazini.

Kazi ilimfuata mtu nyumbani kwa njia ya mwili pia. Robert Daubney na wenzake wa Kabete walipochunguza vifo vya kondoo na wana-kondoo karibu na Ziwa Naivasha katika miaka ya 1930 na 1931, uchunguzi ulioutambulisha ulimwengu kwa homa ya Bonde la Ufa, miongoni mwa waliougua walikuwamo wachungaji na watafiti wenyewe. Ugonjwa wa kutupa mimba uitwao brusela, ambao humpata binadamu kwa kugusa uchafu wa uzazi wa mnyama au kunywa maziwa mabichi, umekuwa hatari ya kila siku kwa watu wa kazi hii, na homa yake inaweza kumrudia mgonjwa kwa miezi mingi.

Baada ya uhuru, kampeni za kutokomeza sotoka ziliwapa watumishi wa idara ratiba ngumu yenye mipaka inayojulikana. Walter Plowright na wenzake wa kituo cha utafiti cha Muguga walikuwa wametengeneza chanjo iliyokuzwa katika chembehai za maabara, chanjo salama na ya bei nafuu iliyotumika katika kampeni kubwa ya kimataifa barani Afrika kati ya mwaka 1962 na 1976. Chanjo hiyo ilikaushwa na kuhifadhiwa kwenye baridi, na ikishachanganywa na maji ilibidi itumike ndani ya saa chache, la sivyo iliharibika. Kwa hiyo kikosi kiliamka gizani, kikachanganya dawa mifugo ikiwa tayari imekusanywa, na kuchanja kabla jua halijawa kali na kabla wachungaji hawajakosa subira ya kwenda malishoni. Watumishi hao waliweza kukaa majuma kadhaa kambini mbali na wake na watoto wao, jambo lililoumiza nyumba nyingi, lakini walilipwa posho ya safari, walifanya kazi kwa kikosi, na kampeni ilipomalizika katika tarafa moja walirudi nyumbani wakijua kwamba wamerudi.

Upande wa nyanda za juu, badiliko kubwa lilitokana na Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, uliowafungulia wakulima Waafrika njia ya kufuga ng'ombe wa gredi, yaani wa maziwa wenye asili ya Ulaya, ambao hutoa maziwa mengi lakini huugua upesi, hasa ndigana kali inayoenezwa na kupe. Kwa ajili ya wakulima hao dola ilijenga majosho, ikaweka matibabu ya bei ya chini, na mwaka 1966, kwa msaada wa Uswidi, ikaanzisha huduma ya kitaifa ya uhimilishaji, ambayo ni kumpandisha ng'ombe kwa mbegu zilizohifadhiwa badala ya dume. Mpangilio wa huduma hiyo unastahili kutazamwa kwa karibu. Gari la serikali lilipita kila siku katika barabara ileile, na kando ya barabara kulikuwa na vibanio vya miti, vichochoro vyembamba vya kumsimamisha ng'ombe mmoja. Mkulima aliyeona alfajiri kwamba ng'ombe wake anataka dume alimfikisha kibanioni na kungoja gari. Aliyechelewa alilikosa, na mnyama wake akangoja takriban siku 21 kabla ya kutaka dume tena. Hasara hiyo ilikuwa halisi na iliwaudhi wakulima, lakini mpangilio huo ulikuwa umeamua jambo muhimu, nalo ni kwamba mkulima ndiye aliyeifuata saa ya mtumishi, na mtumishi akimaliza barabara yake alikuwa amemaliza siku. Kabla ya hapo na baada ya hapo, tiba ya mifugo nchini Kenya haikuwahi kuwa na saa za kazi zilizo wazi kiasi hicho.

Mpangilio huo uliporomoka kwa sababu za kibajeti. Mishahara ilikuwa imemeza fedha za idara kiasi kwamba hapakubaki za mafuta ya gari, dawa wala matairi, na masharti ya wakopeshaji wa kimataifa, yaliyojulikana kama marekebisho ya kiuchumi, yalitaka serikali ijiondoe katika huduma ambazo mwananchi angeweza kuzilipia mwenyewe. Mwaka 1988 serikali iliacha kuwaajiri moja kwa moja wahitimu wote wa kitivo cha tiba ya mifugo kilichoko Kabete, na katika miaka ya 1990 majosho yakaachiwa jamii, uhimilishaji ukaachiwa vyama vya ushirika na watu binafsi, na mpango wa mikopo ukaanzishwa kupitia chama cha madaktari wa mifugo ili wanachama wafungue huduma zao. Wengi walikwenda kwenye maeneo ya maziwa, ambako wateja waliweza kulipa, na wakaendesha duka la dawa za mifugo pamoja na tiba, kwa kuwa mara nyingi faida ilikuwa dukani. Katika mijadala ya wakati ule lililopimwa lilikuwa gharama na ufanisi, na halikupimwa lile ambalo idara, pamoja na uzembe wake wote, ilikuwa ikimpa mtumishi: mwenzake wa kumpokea zamu.

Simu ya mkononi, iliyoenea vijijini katika muongo wa kwanza wa karne ya 21, ilikamilisha badiliko hilo. Ng'ombe aliyezaa jioni akashindwa kusimama kwa homa ya maziwa, yaani upungufu wa ghafla wa kalsiamu katika damu, anaweza kufa kabla ya asubuhi, na huinuka kwa namna ya kustaajabisha akitiwa kalsiamu taratibu kwenye mshipa wa shingo. Mkulima mwenye ng'ombe wawili, mmoja akiwa ndiye anayelipa karo za shule, ana haki kabisa ya kupiga simu saa saba usiku. Daktari aliye peke yake katika eneo hilo hupanda pikipiki akiwa na chupa, mpira wa kutilia dawa na tochi, akijua kwamba malipo yake yanaweza kungoja malipo ya maziwa ya mwisho wa mwezi, na kwamba akikataa, mkulima atamwita muuza dawa asiyesomea tiba. Kwa madaktari wanawake, ambao idadi yao katika fani imeongezeka, safari hiyo ya usiku ina hatari ya ziada, na nyumbani bado wanatarajiwa kubeba ulezi wa watoto. Kuiita hali hii uhuru wa kujiajiri ni kufumba macho.

Katika maeneo kame, ambako madaktari wachache walikubali kwenda, pengo lilizibwa na wahudumu wa mifugo wa kijamii, wafugaji waliochaguliwa na wenzao na kupewa mafunzo mafupi. Wahudumu kama hao walichangia sana kuitokomeza sotoka katika nchi za pembe ya Afrika, na ugonjwa huo, ambao mara ya mwisho ulionekana kwa nyati wa Hifadhi ya Meru mwaka 2001, ulitangazwa mwaka 2011 kuwa umetokomezwa duniani. Hata hivyo, nchini Kenya uhalali wa kazi yao ulibishaniwa kwa miaka mingi na wasimamizi wa taaluma.

Katiba ya mwaka 2010 iliweka huduma za mifugo mikononi mwa kaunti, isipokuwa usimamizi wa taaluma yenyewe, na sheria ya mwaka 2011 ikawatambua wasaidizi wa tiba ya mifugo pamoja na madaktari. Kaunti kadhaa zimerudisha uhimilishaji wa bei nafuu, jambo linalowasaidia wakulima na wakati huohuo kuwapunguzia wateja watoa huduma binafsi wa jirani. Kilichorudi ni ruzuku, na mtumishi wa kaunti hufunga ofisi jioni kama watumishi wengine wa umma. Simu ya usiku imebaki kwa daktari binafsi, na palipo na zamu ni pale tu ambapo madaktari wawili au watatu wa eneo moja, ambao mchana hushindania wateja walewale, wamekubaliana wenyewe kupokezana.