Maziwa ya Jikoni: Historia ya Mchanganyiko wa Nyumbani kwa Mtoto Asiyenyonya

Mtoto mchanga aliyefiwa na mama, au ambaye mama yake hana maziwa, amekuwapo katika kila zama, na kila jamii ilimtafutia njia ya kuishi. Njia iliyoaminika kuliko zote ilikuwa ziwa la mwanamke mwingine: shangazi, bibi, jirani, au mnyonyeshaji wa kulipwa. Alipokosekana huyo, watu waligeukia maziwa ya mifugo. Mwaka 2019 watafiti walichunguza vyombo vidogo vya udongo vyenye mrija wa kunyonyea, vilivyofukuliwa katika makaburi ya watoto huko Bavaria, Ujerumani, wakakuta ndani yake mabaki ya mafuta ya maziwa ya wanyama wanaocheua. Vyombo hivyo ni vya Enzi ya Shaba na Enzi ya Chuma.

Kwa karne nyingi Ulaya ilikuwa na chakula kingine cha mtoto asiyenyonya: uji wa mkate au unga uliopikwa kwa maji, mara nyingine kwa maziwa, na kumiminwa mdomoni kwa kibakuli chenye mdomo kama wa birika. Ulijaza tumbo, lakini haukujenga mwili. Katika nyumba za kulelea watoto waliotupwa, waliolishwa hivyo walikufa kwa wingi kuliko waliopelekwa kwa wanyonyeshaji, na walezi wenyewe walilijua hilo.

Hesabu ilianza mwaka 1838, pale mkemia Mjerumani Johann Franz Simon alipolinganisha maziwa ya mama na ya ng'ombe. Aliona kwamba ya ng'ombe yana protini nyingi zaidi na sukari kidogo zaidi. Kutokana na hapo ikazaliwa kanuni iliyotawala jikoni kwa zaidi ya miaka 100: ongeza maji ili protini ipungue, kisha ongeza sukari, na pengine malai kidogo, ili kufidia. Kanuni hiyo ilikuwa na mantiki, na iliokoa baadhi ya watoto. Lakini ilihesabu vile tu vilivyokwisha kujulikana. Vitamini hazikuwa zimegunduliwa, na mchanganyiko uliotimia kwenye karatasi uliweza kukosa kitu ambacho mtoto hawezi kuishi bila hicho.

Mwaka 1865 mkemia mashuhuri Justus von Liebig alichapisha maelekezo ya supu yake ya watoto: unga wa ngano, unga wa kimea, maziwa ya ng'ombe na bikaboneti ya potasiamu kidogo. Kimea kiliigeuza wanga ya ngano kuwa sukari. Mpishi alipaswa kuchunga moto kwa makini, kwa sababu joto likizidi mapema kimea hupoteza nguvu. Hiyo ilikuwa kazi ngumu kwa mama mwenye mtoto anayelia, na haikuchukua muda supu hiyo ikawa bidhaa ya dukani. Mwaka 1867 Henri Nestlé naye alianza kuuza unga wake wa maziwa na ngano mjini Vevey, Uswisi. Tangu wakati huo mapishi ya nyumbani na bidhaa za kiwandani yalikwenda sambamba, yakishindana na kuigana.

Madaktari wa Marekani waliipeleka hesabu mbali zaidi. Thomas Morgan Rotch wa Chuo Kikuu cha Harvard alifundisha kwamba kila mtoto anahitaji viwango vyake vya mafuta, sukari na protini, na kwamba tofauti ndogo mno huweza kumdhuru. Mwaka 1891 maabara ya maziwa ya Walker-Gordon ilifunguliwa Boston ili kuchanganya maziwa kwa cheti cha daktari, kama duka la dawa. Wenye fedha walinunua huko, na wengine walipewa majedwali ya kupimia jikoni, ambayo hata baadhi ya madaktari yaliwashinda.

Wakati huohuo ushahidi wa kasoro ulikuwa tayari umeonekana London. Mwaka 1883 Thomas Barlow alieleza ugonjwa wa watoto waliokuwa wakilala bila kusogeza miguu, wakipiga kelele mara tu wanapoguswa, ufizi ukiwa umevimba na kuwa wa zambarau. Alipochunguza miili ya waliokufa alikuta damu imevuja kati ya mfupa na utando wake. Kilikuwa kiseyeye, ugonjwa wa mabaharia, sasa kwa watoto wa nyumba ambazo mara nyingi hazikuwa za kimaskini, waliolelewa kwa unga wa makopo na maziwa yaliyochemshwa. Kuchemsha, ambako kuliwakinga na vijidudu vya kuhara na kifua kikuu, kulikuwa pia kumeharibu vitamini C kidogo iliyokuwamo. Maji ya machungwa yaliwaponya. Matege yalikuwa na kisa kinachofanana na hicho, hadi madaktari walipothibitisha faida ya jua na mafuta ya ini la samaki katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20.

Kipindi kikuu cha mchanganyiko wa nyumbani kilifika pamoja na maziwa mazito ya kopo, yasiyo na sukari, yaliyopunguzwa maji kiwandani na kupikwa ndani ya kopo lenyewe. Joto hilo liliua vijidudu na kulainisha protini, hivyo maziwa hayakuganda kuwa mabonge magumu tumboni. Katika miaka ya 1920 daktari McKim Marriott wa St. Louis alionyesha kwamba watoto walistawi kwa maziwa hayo kama kwa mengine ya chupa. Yalikuwa rahisi kupatikana na yalikaa bila kuharibika. Utaratibu ukawa mwepisi kukariri: kopo moja la maziwa, maji kama kopo moja na nusu, vijiko viwili vya shira ya mahindi.

Umaarufu wake ulisukumwa na mabinti watano wa familia ya Dionne, waliozaliwa pamoja Ontario, Kanada, tarehe 28 Mei 1934, kabla ya miezi yao kutimia. Wote kwa pamoja hawakufika kilo saba. Saa za mwanzo walidondoshewa maziwa ya ng'ombe yaliyochanganywa na maji ya moto na shira ya mahindi, pamoja na tone moja au mawili ya ramu. Baadaye picha zao zikapamba matangazo ya maziwa ya kopo na ya shira. Matangazo hayo yalinyamaza kuhusu jambo lililo kubwa zaidi: katika miezi ya mwanzo mabinti hao walipelekewa maziwa ya akina mama waliojitolea katika miji ya mbali, na bila hayo ni vigumu kuamini kwamba wangepona.

Kufikia miaka ya 1950 watoto wengi wa chupa Marekani walikuwa wakilelewa kwa mchanganyiko huo. Mama alipokea karatasi ya vipimo kliniki, akachanganya maziwa ya siku nzima, akajaza chupa, akazichemsha zote ndani ya sufuria kubwa huku vifuniko vikiwa vimelegezwa, kisha akaziweka kwenye friji. Maziwa hayo hayakusimama peke yake. Mtoto alipewa pia matone ya vitamini na maji ya machungwa, alipimwa uzito mara kwa mara, na alianzishiwa vyakula vingine mapema. Hata hivyo madini ya chuma yalibaki pungufu, na upungufu wa damu ulikuwa jambo la kawaida. Mwaka 1959 ikaingia sokoni Similac yenye madini ya chuma, na kufikia katikati ya miaka ya 1970 maziwa ya jikoni yalikuwa yamekaribia kutoweka katika nchi hiyo.

Afrika Mashariki na Kusini suala hilo lilirudi kwa uchungu kupitia UKIMWI. Ilipothibitika kwamba virusi huweza kupita katika maziwa ya mama, mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1998 uliyataja maziwa ya mifugo yaliyorekebishwa nyumbani kuwa mojawapo ya njia mbadala: mililita 100 za maziwa ya ng'ombe, mililita 50 za maji yaliyochemshwa na gramu 10 za sukari, pamoja na nyongeza ya vitamini na madini. Nyongeza hiyo ndiyo iliyokuwa muhimu na ndiyo iliyokuwa adimu. Bila hiyo, kanuni ya mwaka 1838 ilikuwa imerudi ilivyokuwa. Wanawake wa vijijini, kuni zikiwa haba na maji yakiwa ya mtoni, walibebeshwa uamuzi ambao haukuwa na upande wa salama. Utafiti uliofanywa Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba mchanganyiko huo haukutosheleza mahitaji ya mtoto. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani liliuwekea mpaka: utumike kwa muda mfupi tu, pale ambapo maziwa ya kopo ya watoto hayapatikani. Mwongozo wa mwaka 2010 ukafungua njia bora zaidi, yaani mama anyonyeshe huku dawa za kupunguza makali ya virusi zikimlinda mtoto.

Mwezi Februari 2022 kiwanda kikubwa cha maziwa ya watoto cha Abbott huko Sturgis, Michigan, kilisimamisha uzalishaji kwa hofu ya bakteria, na rafu za maduka ya Marekani zikawa tupu. Mapishi ya kopo na shira yakaanza kusambaa tena mitandaoni, yakisifiwa kuwa ndiyo yaliyowalea mabibi na mababu. Kilichosambaa kilikuwa vipimo vitupu, bila matone, bila machungwa, bila mizani ya kliniki. Mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo ilikuwa imekwisha kuonya mwaka uliotangulia, baada ya watoto waliolishwa michanganyiko ya nyumbani kulazwa hospitali kwa upungufu wa kalsiamu. Mengine ya jikoni yana hatari zake: maziwa ya mbuzi yana foleti kidogo mno, maziwa ya ng'ombe yasiyorekebishwa hulemea figo changa na huweza kuvujisha damu utumboni, na kuongeza maji kupita kiasi huweza kumletea mtoto degedege. Madaktari wa watoto waliwashauri wazazi wabadilishe chapa, watafute maziwa ya akina mama katika benki zinazoyapima, au wafike kliniki kabla ya kopo la mwisho kwisha. Mwezi Mei ndege ya kijeshi ilileta shehena ya maziwa ya watoto kutoka Ulaya. Kiwanda cha Sturgis kilianza tena kazi mwezi Juni, kikasimamishwa na mafuriko baada ya siku chache, kisha kikarejea Julai.